Luteni Uhura Hakuiacha Simu

Tarehe 30 Julai, 2022, katika mji wa Silver City, jimbo la New Mexico huko Marekani, alifariki dunia Bibi Nichelle Nichols akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa mwimbaji, mcheza dansi na mchezaji wa sinema, lakini wengi waliomlilia walimtaja kwa cheo cha Luteni. Cheo chenyewe kilikuwa cha mchezo wa televisheni, wala hakuna jeshi lolote duniani lililomvika nyota begani. Hata hivyo, kazi iliyofuatana na cheo hicho ni kazi ambayo wasomaji wetu wengi, wa kambini na wa vituo vya polisi, wanaifahamu kuliko wanavyofahamu mambo ya sinema. Ni kazi ya kukaa kwenye simu ya upepo.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba, 1932, katika mji mdogo wa Robbins, kusini ya jiji la Chicago, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Grace Dell Nichols. Robbins haikuwa mahali pa kawaida. Iliundwa rasmi mwaka 1917, na waliouendesha mji huo walikuwa watu weusi wenyewe, katika nchi ambayo wakati ule mtu mweusi alipata taabu hata kupanga chumba katika mitaa ya wazungu. Baba yake, Bwana Samuel Nichols, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, naye aliwahi kuwa meya na hakimu wa mji huo. Kwa hiyo binti huyu alitoka katika nyumba ambamo mtu mweusi kushika madaraka halikuwa jambo la ajabu. Tunadhani jambo hilo lilimsaidia sana baadaye, maana ni vigumu kumshawishi mtu kwamba haiwezekani jambo ambalo amekwisha kuliona kwa baba yake.

Alijifunza dansi tangu utotoni, na alipokuwa bado kijana alizunguka nchini akiimba na kucheza pamoja na bendi ya Duke Ellington, kisha na ile ya Lionel Hampton. Wapenzi wa muziki wanajua kwamba bendi hizo hazikuchukua wababaishaji. Mwaka 1959 alionekana miongoni mwa wacheza dansi katika sinema ya Porgy and Bess. Baada ya hapo alitafuta riziki kama wanavyotafuta wasanii wote wasiokuwa na jina, leo hapa na kesho kule.

Mtu aliyembadilishia maisha alikuwa askari wa zamani. Gene Roddenberry aliendesha ndege kubwa za mabomu za Marekani katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahesabiwa safari 89 za vita. Mwaka 1949 alijiunga na polisi wa jiji la Los Angeles, akapanda hadi kuwa sajini, na mwaka 1956 akaacha kazi ili aandike michezo ya televisheni. Wasomaji wetu wa polisi wanaochoshwa na kuandika ripoti usiku wa manane wanaweza kupata faraja kidogo hapo, kwa kuwa bwana huyu alijifunza kuandika huku akivaa kofia ya polisi, na hata hotuba za mkuu wake alimwandikia.

Mchezo wake wa kwanza wa mfululizo uliitwa The Lieutenant, na ulihusu maisha ya wanajeshi wa Marines wakati wa amani. Katika sehemu moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mwaka 1964, Bibi Nichols alikuwa mchumba wa askari mweusi anayeonewa na mwenzake mzungu kwa sababu ya rangi yake. Habari hiyo iliwatia wasiwasi wakubwa wa utangazaji. Jeshi lilikuwa limeamriwa tangu mwaka 1948 kuacha kuwatenga askari kwa rangi, lakini kuyasema hadharani mambo yaliyobaki kambini lilikuwa jambo jingine. Mchezo haukudumu baada ya mwaka huo. Roddenberry alipata fundisho. Kama hawezi kuisema kweli juu ya kambi za leo, ataisema juu ya meli ya kesho.

Meli hiyo ni Enterprise, na mchezo wenyewe ni Star Trek, ulioanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba, 1966. Habari zake ni za karne ya 23. Meli inasafiri miongoni mwa nyota ikiwa na maofisa wa kila taifa. Yumo Mjapani kwenye usukani. Baadaye akaongezwa Mrusi, wakati ambapo Marekani na Urusi zilikuwa zikielekezeana makombora. Yumo hata mtu wa sayari nyingine mwenye masikio yaliyochongoka. Fundi mkuu wa mitambo alichezwa na James Doohan, ambaye alikuwa ofisa wa mizinga wa jeshi la Kanada. Tarehe 6 Juni, 1944, siku majeshi ya washirika yaliposhuka Normandy, alipigwa risasi kadhaa akapoteza kidole kimoja cha mkono wa kulia, na katika miaka yote ya kuigiza alijitahidi kukificha kisionekane.

Nyuma ya kiti cha Nahodha Kirk aliketi mwanamke mweusi, kidude cha kusikilizia kikiwa sikioni, vidole juu ya swichi. Yeye ndiye aliyepokea wito wa meli ngeni, aliyefungua njia ya mawasiliano, na aliyemwambia nahodha kwamba adui hajibu. Huyo alikuwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano.

Jina hilo lina historia inayotuhusu sisi tunaotumia lugha hii. Bibi Nichols alisimulia mara nyingi kwamba siku alipokwenda kujaribiwa, hapakuwa na maneno yaliyoandikwa kwa ajili yake. Mkononi alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, kilichotoka mwaka 1962 na kuhusu Kenya, naye akasomeshwa kurasa zake. Roddenberry alilipenda neno, ila aliliona kali mno kwa jina la mwanamke, ndipo wakakubaliana kuibadili herufi ya mwisho. Wenye lugha tunajua kwamba neno uhura halimo katika Kiswahili, na kwamba uhuru wetu hauna uke wala uume. Hata hivyo tumewasamehe. Nia ilikuwa njema, na mamilioni ya watu ambao hawangeweza kuionyesha Afrika Mashariki katika ramani walijifunza kulitamka neno letu karibu sawasawa.

Wala lugha haikuishia kwenye jina. Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa, kiumbe kibaya chenye uwezo wa kujigeuza sura kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume wa kwao na kumsemesha kwa Kiswahili. Hila hiyo ni ya adui mwenye akili, maana mlinzi humlegea haraka mtu anayemwamkia kwa lugha ya mama yake. Mwaka 1967 ilionyeshwa sehemu nyingine ambamo mtambo wenye wazimu unamfutia Uhura kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama anaangukia Kiswahili. Matamshi yalikuwa ya mgeni, hilo hatulifichi. Lakini wakati huo huo katika sinema nyingi za Marekani Mwafrika alikuwa mtu wa kubeba mizigo tu, na maneno aliyopewa hayakuwa ya lugha yoyote.

Pamoja na hayo, Bibi Nichols hakuwa na raha. Kila maandishi ya mchezo yalipopitiwa upya, maneno yake yalikuwa ya kwanza kukatwa. Ofisa aliyepangiwa kusaidia kuongoza meli alijikuta akirudia sentensi moja wiki baada ya wiki, ya kumwarifu nahodha kwamba mawimbi yamefunguliwa. Alieleza baadaye kwamba hakupewa mkataba kama wenzake, bali alilipwa kwa siku alizofanya kazi, na kwamba barua za watazamaji zilizomjia kwa wingi zilikuwa zikizuiliwa studioni asizione. Mara chache alipata nafasi ya kuonyesha uwezo wa Uhura. Katika sehemu moja ya mwaka 1966, ofisa wa njia anapoondolewa kwenye kiti chake, Uhura ndiye anayeamriwa kukishika. Katika nyingine, ya mwaka 1967, anajilaza chini ya mitambo na kuunga nyaya mwenyewe, na ofisa mwenzake, Bwana Spock, ambaye si mtu wa kutoa sifa, anakiri kwamba hakuna anayeiweza kazi hiyo kuliko yeye. Lakini nafasi kama hizo zilihesabika kwa vidole.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, mwaka 1967, aliandika barua ya kuacha kazi akampelekea Roddenberry. Alitaka kurudi kwenye jukwaa la muziki, ambako sauti yake ilithaminiwa. Roddenberry alimwomba afikiri hadi Jumatatu. Kati ya hapo alihudhuria karamu ya kuchangisha fedha ya chama cha NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi. Akaambiwa kwamba yupo mtu mmoja mpenzi wa mchezo anayetaka kumwona. Aligeuka, akamkuta Dr. Martin Luther King.

Maelezo ya mazungumzo hayo tunayo kutoka kwake yeye mwenyewe, naye aliyarudia kwa miaka mingi bila kuyabadili sana. Dr. King alimwambia kwamba Star Trek ndio mchezo pekee ambao yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wadogo kukesha wakiutazama. Bibi Nichols alimshukuru, kisha akamweleza kwamba anaondoka. Tabasamu likatoka usoni mwa Dr. King. Akamwambia kwamba hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa nafasi aliyonayo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi wala kwa ajili ya mtumishi. Ni nafasi ya ofisa, na kwa mara ya kwanza watu wanatuona kama tunavyostahili kuonwa. Akiondoka, mlango utafungwa, kwa sababu kiti hicho anaweza kuwekwa mtu yeyote.

Jumatatu alirudi kwa Roddenberry na kumwambia kwamba anabaki. Tukumbuke lilivyokuwa jambo hilo kwa mtu wa umri wa miaka 34 mwenye kipaji cha kuimba: kukubali kurudi kwenye kiti kile kile, na sentensi ile ile, kwa sababu ya watu ambao hatawaona kamwe. Dr. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, 1968, na mchezo ulikuwa bado unaendelea.

Tarehe 22 Novemba mwaka huo ilionyeshwa sehemu ambayo ndani yake Nahodha Kirk, mzungu, anambusu Luteni Uhura kwa kulazimishwa na watawala wakatili wenye nguvu za ajabu. Yako mabishano kama hilo ndilo lililokuwa busu la kwanza la aina hiyo katika televisheni ya Marekani, na sisi hatuoni faida ya kuyaingia. Lililo hakika ni kwamba ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tu tangu Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipofuta sheria za majimbo zilizokataza mzungu na mweusi kuoana. Wakubwa wa utangazaji waliogopa vituo vya kusini vitakataa kuonyesha, wakataka ipigwe picha nyingine isiyo na busu. Bibi Nichols alisimulia kwamba mwenzake William Shatner aliiharibu picha hiyo ya pili kwa makusudi kwa kuyakodoa macho mbele ya kamera, hata ikawa haitumiki.

Star Trek ilisimamishwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79, watazamaji wakiwa hawatoshi. Kisha ikarudiwa na vituo vidogo mchana na jioni, na hapo ndipo ilipopendwa kweli. Mwaka 1973 ilitengenezwa kwa picha za kuchora, wachezaji wakitoa sauti tu, na ndani yake Uhura akapata kwa mara ya kwanza kuiamrisha meli, wanaume wote wakiwa wamelegezwa akili. Mwaka 1974 Bibi Nichols alicheza katika sinema ya Truck Turner pamoja na mwanamuziki Isaac Hayes, akiwa mwanamke mkali mwenye matusi, kinyume kabisa cha Luteni. Walioiona wanasema aliifurahia kazi hiyo, na sisi hatushangai.

Jambo lililotufanya tuandike habari hizi lakini halikutokea katika sinema. Mwaka 1975, katika mkutano wa wapenzi wa Star Trek huko Chicago, alimsikiliza mtaalamu wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, akieleza mipango ijayo. Alivutiwa, kisha akajiuliza watu wake wako wapi. Swali lilikuwa na haki. Hadi wakati huo kila mwanaanga aliyerushwa na NASA alikuwa mwanamume mzungu. Warusi walikuwa wamekwisha kumrusha mwanamke, Valentina Tereshkova, mwaka 1963.

NASA ilikuwa ikitafuta wanaanga wapya kwa ajili ya chombo kinachorudi kama ndege, na mara hii ilitaka wanasayansi na madaktari pamoja na marubani. Tangazo lilitolewa, lakini wanawake na watu weusi walioomba walikuwa wachache mno. Ukifikiri, haikuwa ajabu. Mtu aliyefungiwa mlango miaka ishirini hasogei mara moja kwa sababu amesikia kwamba umefunguliwa. Anataka kwanza kujua ni nani anayesema. Mwaka 1977 shirika likamwendea Bibi Nichols na kumwomba awaite watu hao.

Alikubali kwa sharti. Alisema, kwa maelezo yake, kwamba atawaletea watu wenye sifa wengi kiasi kwamba wakimaliza kuchagua na kubaki na wanaume wazungu peke yao, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuwashtaki mbele ya taifa. Kisha kwa muda wa miezi minne hivi alizunguka vyuo vikuu, akaonekana katika televisheni na kurekodi matangazo akiwa amevaa sare ya buluu ya wanaanga. Askari mwandikishaji yeyote anajua ugumu wa kazi hiyo: kusimama mbele ya vijana wenye mashaka na kuwaambia kwamba nafasi ipo. Yeye alikuwa na silaha moja ambayo waandikishaji wengine hawakuwa nayo. Vijana hao walikuwa wamekua wakimwona melini.

Mmoja aliyeliona tangazo lake alikuwa Frederick Gregory, ofisa wa jeshi la anga, aliyekuwa rubani wa helikopta za kuokoa watu katika vita vya Vietnam. Alieleza baadaye kwamba alihisi mwanamke yule anamtazama yeye na kumwambia yeye. Akaomba.

Maombi zaidi ya 8,000 yalipokelewa. Mwezi Januari 1978 yalitangazwa majina 35 ya waliochaguliwa. Sita walikuwa wanawake, miongoni mwao Sally Ride, ambaye Juni 1983 alikuwa Mmarekani wa kwanza wa kike kwenda angani. Watatu walikuwa wanaume weusi: Gregory, Ronald McNair, mtaalamu wa fizikia, na Guion Bluford, rubani wa ndege za kivita aliyekuwa na safari 144 za vita katika Vietnam. Bluford alirushwa usiku wa tarehe 30 Agosti, 1983, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko. Kwa haki ya historia tuseme kwamba rubani wa jeshi la Kuba, Arnaldo Tamayo Méndez, mwenye asili ya Afrika, alimtangulia mwaka 1980 katika chombo cha Kirusi. Gregory naye mwaka 1989 alikiamrisha chombo cha anga, mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Gharama yake haikuchelewa. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo kiitwacho Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba wakafa. Wanne kati yao walikuwa wa kundi la 1978: kamanda Dick Scobee, Ellison Onizuka, Judith Resnik na McNair. Yule aliyekwenda kuwaita watu waombe alikuwa akiwaona wengine wao wakianguka mbele ya macho ya dunia. Wakubwa wa jeshi wanaopeleka vijana kazini wanajua uzito wa siku kama hiyo kuliko tunavyoweza kuueleza sisi.

Bibi Nichols aliendelea kucheza. Sinema sita za Star Trek zilitoka kati ya 1979 na 1991, naye alikuwamo katika zote, na Uhura akapandishwa cheo mpaka Kamanda. Mwezi Septemba 1992 daktari Mae Jemison, aliyekulia Chicago, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani. Daktari huyo aliwahi kufanya kazi ya tiba Afrika Magharibi, nako Sierra Leone na Liberia wanamkumbuka. Tangu utoto alikuwa amemtazama Uhura, na kila alipoingia zamu yake chomboni aliwaarifu wenzake wa ardhini, kwa maneno yale yale ya Luteni, kwamba mawimbi yamefunguliwa. Sentensi iliyomchosha Bibi Nichols hata akaandika barua ya kuacha kazi ilikuwa sasa inasemwa kwenye simu ya kweli, na watu wa kweli walikuwa wakijibu.

Miaka yake ya mwisho haikuwa myepesi. Mwaka 2015 alipata kiharusi, lakini miezi michache baadaye alipanda ndege ya NASA inayobeba darubini kubwa. Kisha maradhi ya kusahau yakamshika, yakafuatwa na mashauri mahakamani juu ya nani asimamie mambo yake. Mwanawe wa pekee, Kyle Johnson, ndiye aliyetangaza kifo chake.

Kwa desturi zetu marehemu hulazwa katika ardhi, na tunajua wengi wataona ajabu kwa haya yaliyofuata. Tarehe 8 Januari, 2024, roketi iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba sehemu ya majivu yake, pamoja na ya Roddenberry, yule sajini wa polisi, na ya Doohan, yule ofisa wa mizinga. Ilipita mwezi, na sasa inalizunguka jua.